Je, ni pesa zilizombadilisha yaya wetu?

SWALI: Sisi ni watoto watano, tumezaliwa Kenya, moja ya komini (sehemu za mji) za hapa Lubumbashi, Kongo. Yaya wetu wa kwanza, yaani kaka yetu mkubwa, alikwenda Kolwezi, mji wa migodi, kununua na kuuza madini ya kobalti. Mtaji wa kwanza alipewa na mama, aliyeuza vitenge vyake. Mwaka 2017 na 2018 pesa zikaingia, akajenga Quartier Golf, mtaa wa wenye pesa. Tangu hapo si mtu yule. Simu hapokei. Mjomba alipofariki alituma bahasha, mwenyewe hakufika kilioni. Mdogo wetu ambaye ni kreseri, mchimbaji wa madini kwa mikono, alipomwomba kazi, akajibiwa kwamba maskini ni mvivu tu. Mwezi uliopita mama alikwenda kwake bila kupiga simu. Zamu, yaani mlinzi, akamweka nje ya geti juani kwa muda wa saa mbili, na yaya alikuwa ndani. Naomba unieleze: pesa zimembadilisha, au alikuwa hivyo tangu zamani tukawa hatuoni? Na sisi tufanye nini?

JIBU: Dada yangu, nianze na hilo geti. Mama mzazi kuwekwa nje juani wakati mwanawe yuko ndani ni kosa, na hakuna elimu ya saikolojia itakayolifuta. Nasema hivyo mapema kwa sababu nitakayoeleza hapa chini yanaweza kusomeka kama namtetea yaya wako. Simtetei. Nataka mwelewe kilichompata, ili mtakapokaa naye mjue mnazungumza na nani.

Kwa kifupi, pesa zimembadilisha kweli, ila hazikumpa moyo mwingine. Zimemwondolea haja ya watu, na mtu asiye na haja ya watu huacha kuwatazama. Kisha zikampa hadithi mpya juu yake mwenyewe. Na kuna jambo ambalo barua yako haikuligusa: tangu apate pesa, hata ninyi hammtazami kama zamani.

Mwaka 2016 watafiti wawili wa Marekani, Pia Dietze na Eric Knowles, walichapisha kazi waliyoifanya katika mitaa ya New York. Waliwavalisha watu miwani yenye kamera, wakawaacha watembee, kisha wakapima macho ya kila mmoja yalitua kwa muda gani juu ya watu aliopishana nao. Waliojihesabu kuwa wa tabaka la juu waliwatazama wenzao kwa muda mfupi zaidi. Hakuna aliyekusudia kumdharau mtu. Macho yalipita tu. Miaka sita kabla yake, Michael Kraus na wenzake walikuwa wameonyesha jambo la karibu na hilo, kwamba watu wa hali ya chini walitambua hisia za wengine kwa usahihi zaidi kuliko watu wa hali ya juu.

Sababu yake mtu wa Lubumbashi hahitaji kuelezwa sana. Ukiishi komini ya Kenya au ya Katuba, familia tatu katika parseli (kiwanja) moja, maji unachota kwa jirani, unga wa bukari (ugali) unakopa dukani, mtoto akizidiwa usiku unamgongea mwenye gari. Lazima ujue jirani ameamkaje leo, ana hasira au ana nafasi, maana kesho utamhitaji. Kusoma nyuso ni sehemu ya riziki. Yaya wako aliijua kazi hiyo kama ninyi nyote mliolelewa pale. Sasa ana kisima chake, jenereta yake, gari na zamu. Siku nzima inapita bila ya yeye kulazimika kujiuliza mtu mwingine anajisikiaje. Wazee wanasema mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na wengi hushangaa mtu kama yaya wako, aliyeijua njaa kwa jina, anawezaje kusahau. Anaweza, kwa sababu kumbukumbu ya njaa ya zamani haina nguvu hiyo. Kinachomfundisha mtu kuwajali wengine ni kuwahitaji leo.

Utafiti uliovuma zaidi katika uwanja huu ulitoka Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley mwaka 2012, ukiongozwa na Paul Piff pamoja na Dacher Keltner. Walisimama kwenye kivuko cha waenda kwa miguu na kuhesabu ni magari gani yanampisha mtu anayetaka kuvuka, kama sheria ya jimbo lile inavyoagiza. Magari ya bei ya chini kabisa yote yalisimama. Ya bei ya juu kabisa, karibu nusu yalipita. Anayevusha watoto barabara ya Kasenga saa za kutoka shule atakuwa na ya kuongeza hapo.

Lakini jaribio la Piff linalomhusu zaidi yaya wako ni lile la mchezo wa Monopoly, ule wa kununua viwanja na nyumba kwa pesa za karatasi. Aliwaketisha watu wawili wawili, zaidi ya jozi 100. Sarafu ikarushwa: mmoja akawa tajiri, anaanza na pesa mara mbili, anarusha dadu mbili badala ya moja, na kila akizunguka ubao anapokea mshahara mkubwa kuliko mwenzake. Wote wawili waliona sarafu ikirushwa. Baada ya dakika chache tajiri alianza kugonga kete yake kwa kishindo, kula zaidi vitafunio vilivyowekwa mezani, na kumsemesha mwenzake kwa majigambo. Mwishoni wakaulizwa kwa nini walishinda. Walieleza mbinu zao, jinsi walivyonunua kiwanja hiki na kile. Sarafu hawakuitaja.

Sasa tazama Kolwezi. Mwaka 2014, katika mtaa wa Kasulo, watu waligundua kwamba chini ya nyumba zao kuna kobalti, wakaanza kuchimba uani na hata ndani ya vyumba. Mwenye parseli hii akakuta madini, jirani wa ukuta mmoja akachimba hadi nguvu zikamwishia akapata udongo mtupu. Ni bidii gani iliyowatenganisha? Chukua na bei. Kwa sehemu kubwa ya mwaka 2016 tani ya kobalti katika soko la London ilikuwa chini ya dola 30,000. Mwanzoni mwa 2018 ikafika karibu dola 95,000, kwa sababu viwanda vya betri za simu na magari ya umeme, hasa vya China, vilikuwa vinaigombania. Mwaka 2019 ikaanguka tena hadi karibu dola 30,000. Yaya wako aliuza mzigo wake katika dirisha hilo dogo. Wafanyabiashara wenzake walioingia miezi michache baadaye, wenye akili kama zake, walinunua ghali wakauza kwa hasara, na wengine hawajamaliza madeni mpaka leo.

Sikatai kwamba alihangaika. Mtu aliyewahi kukaa kwenye depo za Musompo, soko la madini karibu na Kolwezi, akibishana juu ya mizani na juu ya namba iliyotolewa na Metorex, kile kifaa cha kupima ubora wa jiwe, anajua pesa ile haiokotwi. Bidii alikuwa nayo. Ila mdogo wenu anayeshuka shimoni kila siku naye anayo, tena ya kuhatarisha roho. Yaya anaposema maskini ni mvivu, anafanya kama yule wa Monopoly: anasimulia mbinu na kuruka sarafu. Na kuruka huko kuna faida kwake. Kama utajiri wake umetokana na juhudi peke yake, basi umaskini wa mdogo wake ni uvivu peke yake, na hakuna anachodaiwa na mtu yeyote.

Hapa mjini hadithi hiyo imepata msaidizi mkubwa, nami nitalisema kwa heshima kwa sababu mimi pia ni mtu wa kanisa. Kuna mahubiri yanayofundisha kwamba mali ni uthibitisho wa baraka, na mwenye nayo anakalishwa kiti cha mbele. Mtu akisikia kila Jumapili kwamba Mungu amemtenga na wengine, baada ya mwaka mmoja ataanza kuwaona hao wengine kama watu ambao Mungu amewapita. Sijui yaya wako anasali wapi, na silaumu kanisa lolote. Lakini nimekaa na familia nyingi zenye kisa kama chenu, na hilo nalisikia mara nyingi mno nisiliseme.

Nisikufanye uamini kwamba kila mwenye mali huharibika. Wataalamu wenyewe wanabishana. Mwaka 2015 watafiti wa Ujerumani, Martin Korndörfer na wenzake, walichambua takwimu za maelfu ya watu wa Ujerumani, Marekani na nchi nyingine, wakakuta kinyume: wenye hali nzuri walitoa misaada na kujitolea zaidi, hata ukilinganisha na kipato chao. Uholanzi wachumi walipeleka bahasha zenye pesa zinazoonekana, kana kwamba zimefika kwa makosa kwenye nyumba isiyo ya mwenyewe, na nyumba za matajiri zilizirudisha mara nyingi zaidi kuliko za maskini. Watafiti hawakusema maskini wana roho mbaya. Walisema shida ya pesa na msongo wake vinambana mtu. Umaskini nao hubadilisha watu. Unajua nyumba za Kenya ambako mtoto wa ndugu analala njaa wakati wengine wanakula, na hakuna tajiri pale.

Mimi nikiweka pande zote mbili mezani naona hivi: kutoa pesa si kipimo kizuri cha mabadiliko ya tajiri. Kutoa anaweza, na pengine anatoa kuliko zamani. Yaya wako alituma bahasha kilioni. Alichoshindwa ni kuja, kukaa kwenye kiti cha plastiki usiku kucha na wanaume wengine, kusikiliza kikohozi cha wazee na hadithi za marehemu. Kutoa hakumlazimishi kumtazama mtu. Kukaa kunamlazimisha.

Unauliza kama alikuwa hivyo tangu zamani. Muulize mama, yeye ndiye shahidi. Alipokuwa mtoto, akipewa nyama alikuwa anawakatia wadogo au anakimbia nayo? Vyovyote mama atakavyojibu, kumbuka kwamba kiburi kipo ndani ya kila mmoja wetu, ila maskini akikionyesha leo atalipa kesho: jirani atamnyima maji, fundi atamwambia arudi wiki ijayo. Tajiri halipi. Ile breki iliyokuwa mikononi mwa majirani imeondolewa, na kilichokuwa kidogo kimepata nafasi ya kukua.

Sasa upande wenu, na naomba usikasirike. Katika barua yako yote umenitajia mara mbili kile ambacho familia ilimpelekea tangu atajirike: ombi la kazi na safari ya mama, ambayo hukusema ilikuwa ya nini. Simu zenu za mwaka huu zilihusu nini? Kama ni minervali (ada ya shule), hospitali, kodi ya nyumba na mchango wa kilio, basi jina lake kwenu limekuwa shida zenu, na jina lenu kwenye simu yake limekuwa dola. Mji huu ulishaliona hilo mwaka 2003 na 2004, Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ilipowaondoa wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, uliogharimiwa kwa msaada wa Benki ya Dunia. Watu ambao walikuwa hawajalipwa mshahara kwa miezi mingi walipokea pesa kwa mkupuo. Waulize wazee wa mtaa wenu wakusimulie wiki zile: shemeji waliojitokeza, binamu wasiojulikana, wachungaji wenye ujumbe. Pesa zilipokwisha, parseli zikanyamaza. Watoto wa nyumba hizo walijifunza jambo, na huenda yaya wako alikuwa na umri wa kuliona.

Kujificha kwa mwenye nacho kumepimwa pia. Katika vijiji vya magharibi mwa nchi ya Kenya, Pamela Jakiela na Owen Ozier waliwapa watu pesa za kuwekeza, na baadhi yao walijua ndugu zao waliopo watauona uwekezaji huo. Wanawake wenye ndugu pale walichagua njia iliyoficha kiasi walichopewa, ingawa njia hiyo iliwapunguzia faida. Nchini Kamerun wachumi wengine walikuta wanachama wa ushirika wa akiba wakichukua mkopo wenye riba huku wana akiba ya kutosha, ili ndugu waamini hawana kitu. Watu hao walilipa kwa kujificha. Geti la yaya wako, simu isiyopokelewa, hata ule usemi wake wa uvivu, sehemu yake ni hofu: hofu ya kumalizwa, na kwetu huku hofu ya kurogwa na ndugu mwenye wivu, ambayo watu hawaisemi mbele yangu mpaka siku ya tatu au ya nne.

Lile la geti lizungumzwe kwanza, na azungumze mama mwenyewe, ana kwa ana, si katika kundi la WhatsApp la familia. Kabla ya hapo hakikisheni zamu alimwambia bosi wake ni nani yuko nje. Kuna zamu anayeogopa kupanda ngazi kumsumbua mwajiri kuliko anavyoogopa kumkosea mgeni. Kama aliambiwa, mama aeleze tukio hilo moja tu, siku ile na jua lile. Asiongeze kilio cha mjomba wala maneno juu ya mke. Mtu aliyezoea madai, ukimwekea malalamiko kumi atayasikia yote kama dai moja la pesa. Tukio moja la mama kusimamishwa nje halina bei, hawezi kulilipia kwa bahasha. Na mumpe haki yake: kuomba watu wapige simu kabla ya kuja si majivuno, ni desturi ya nyumba nyingi za mjini sasa. Kosa ni kutoshuka alipojua aliyekuja ni nani.

Kisha mwende kwake bila ombi lolote. Mara ya kwanza atasubiri ombi mpaka mnaaga. Mara ya pili atashangaa. Pelekeni sombe (mboga ya majani ya muhogo) aliyoipika mama, kaeni, ondokeni. Mkiwa huko msimwite bosi wala patron, hata kwa utani. Kwenu yeye ni yaya, aliyewabeba mgongoni. Jina la bosi humkumbusha mtu kila mara kwamba kati yenu kuna pochi.

Mtafutieni pia kazi ambayo pesa haziwezi kuifanya. Kuna binti anayeposwa? Aketi yeye kama mkubwa wa familia siku ya kuzungumza mahari. Kuna mpwa anayetaka kuingia biashara ya madini? Amfundishe namna ya kutambua jiwe zuri na namna ya kutodanganywa kwenye mizani. Piff na wenzake waliwahi kuwaonyesha watu filamu ya sekunde 46 tu kuhusu watoto maskini, na baadaye wenye nacho wakawa tayari kumsaidia mtu mwenye dhiki sawa na wasio nacho. Kwa hiyo mlango wa ndani haukufungwa. Ila filamu hupita. Kazi ya familia inamrudisha mezani mara kwa mara.

Kuhusu pesa, anzisheni mfuko wa familia wenye kiwango. Kila mmoja atoe kila mwezi, hata kama kreseri anatoa franka 5,000 na yaya anatoa mara mia ya hizo. Dada mmoja mwaminifu aandike daftari, na minervali na hospitali zitoke humo. Yaya atatoa kingi kuliko wote lakini hatakuwa mtoaji pekee, na simu yake ikilia usiku haitakuwa lazima ni shida. Nimeona utaratibu huu ukiponya nyumba ambazo maneno mazuri yalishindwa kuziponya.

Na vitenge. Je, watoto wa yaya wanajua kwamba nyumba wanayolala ilianza na sanduku la vitenge vya bibi yao? Mama awasimulie wao, baba yao akiwepo, kama bibi anavyosimulia: rangi zake, aliviuza sokoni kwa nani, baba yenu aliondoka saa ngapi alfajiri. Asimalizie kwa kusema ana deni. Hadithi ya juhudi peke yake haitaweza kusimama katika chumba ambamo wajukuu wanauliza kile cha buluu kilikuwaje.

Kama baada ya haya yote mama atadhalilishwa tena, asirudi pale. Atume salamu kwamba nyumba yake ya Kenya iko wazi na mwanawe anajua njia. Mzazi hapaswi kununua heshima kwa miguu yake.

Mdogo wenu kreseri alitukanwa na ana haki ya kukasirika. Lakini ombi lake la kazi msilibebe ninyi, wala lisipelekwe siku ambayo mama anakwenda kuzungumza juu ya geti. Aende mwenyewe, siku nyingine, na aende na anachokijua: timu gani za kreseri zinaaminika, shimo lipi linatoa mzigo mzuri, nani anachanganya mchanga kwenye mifuko. Yaya wako ananunua mzigo, habari hizo zina thamani kwake. Akikataa, atakuwa amekataa biashara, na mwaliko wa mahari uendelee palepale.